Nanunua nyumba mara ya kwanza: wakili, mkaguzi, mthamini... nimlipe nani, niache nani?

Mpangaji Sugu:
Wakuu habari zenu. Baada ya kupanga miaka nenda rudi nimepata nyumba niliyoipenda, na mwenye nayo anaonekana mtu wa kueleweka. Sasa dalali aliyenionyesha anasema nisihangaike, wakili wa kuandika mkataba anaye, injinia wa kukagua anaye, na benki wataleta mthamini wao, kwa hiyo mimi kazi yangu ni kusaini tu na kulipa. Mke wangu kagoma kabisa, anasema hao wote wanajuana, wageni ni sisi. Mimi naona tukianza kutafuta watu wetu gharama itapanda na nyumba itachukuliwa. Nani ni wa lazima hapo na nani ni mbwembwe? Na unamjuaje aliye mzuri kabla hajala hela yako?

Kitasa:
Msikilize shemeji. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa, isipouzwa hapati kitu, sasa hata awe mcha Mungu vipi hawezi kumfurahia mtu anayekuja kukwambia paa linavuja. Simwiti mwizi, kuna dalali alinipiganiaga bei mpaka nikashangaa. Ila injinia anayetegemea huyo huyo dalali amletee kazi nyingine wiki ijayo unadhani atakuandikia yote aliyoyaona? Kila atakayekaa hapo mezani muulize, unalipwa na nani, na unalipwa lini. Basi.

Wakili awe wako peke yako, siyo huyo huyo wa muuzaji eti "tupunguze gharama", siku mkigombana atakaa upande gani? Hakikisha amesajiliwa na leseni yake iko hai, halafu muulize nyumba ngapi amehamisha mwaka huu, maana kuna wakili moto wa kuotea mbali kwenye kesi za jinai ila hati ya nyumba hajaigusa tangu atoke chuo. Na usisaini chochote kabla hajafanya sachi, yaani kupekua kumbukumbu za nyumba, kwenye masijala ya ardhi akaona jina la mwenye nayo na kama kuna rehani au zuio.

Mama Wawili:
Naongezea kwenye huyo mthamini maana mimi ndo aliniponza, au niseme nilijiponza. Alikuja wa benki, akapiga picha, akapima vyumba, akaondoka, nami nikajua nyumba imekaguliwa. Kumbe yule kazi yake ni kuwaambia benki, huyu mama akishindwa kulipa mkopo nyumba itarudisha hela yenu? Mambo ya bomba na dari hayamhusu. Mvua ya kwanza tu nikatandaza mabeseni sebuleni.

Nyumba ya pili nikatafuta mkaguzi mwenyewe, kabla ya kumpa kazi nikamwomba anionyeshe ripoti aliyomfanyia mtu mwingine, jina limefutwa. Ilikuwa na picha kila ukurasa, na pale aliposhindwa kufika kaandika "sikuweza kufika", hapo ndo nilimwamini. Siku ya ukaguzi nikamfuata kama mkia. Akafungulia mabomba yote kwa mpigo huku anaflashi choo aone presha, akapanda darini na tochi, jikoni akaona ukuta mmoja tu ndo umepakwa rangi mpya, akasogeza kabati, akagonga plasta na ufunguo wa gari, ikalia tupu kama debe, kidole kikazama! Akanifundisha na nyufa: zile nyembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu imekauka, lakini ufa unaopanda ngazi ngazi kwenye tofali, au unaotoka kona ya dirisha kwenda mshazari na sarafu inaingia, huo ita injinia wa majengo, usibahatishe.

Bikoni:
Mpima ardhi mmemsahau jamani. Ukuta wa uzio siyo mpaka! Mpeleke na ramani ya hati atafute bikoni, yale mawe ya mpaka, unaweza kukuta choo cha nje kiko kwa jirani.

Dalali Mwenyewe:
Haya, tumesemwa vya kutosha 😂 Kitasa umesema kweli kuhusu nani anamlipa nani, hilo sibishi. Lakini kuna wanunuzi wanaleta wataalamu watano, kila mmoja anasubiri mwenzie, mwezi unaisha. Kama ni fleti, hela ya mpima bikoni hifadhi, mwambie wakili asome kanuni za jengo na hesabu za umoja wa wamiliki, kuna majengo yana madeni ya lifti. Na ikitokea meseji eti namba ya akaunti ya kulipia imebadilika, usitume hata senti mpaka umpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyo kwenye hiyo meseji.

Mpangaji Sugu:
Asanteni sana wakuu, shemeji yenu anatamba hapa hakuna anayemuweza. Nimempigia dalali nikamuuliza lile swali, injinia analipwa na nani, akanyamaza kidogo halafu akasema "hayo tutayamaliza wenyewe". Nimetafuta mkaguzi mwingine, anakuja Jumamosi. Kabati la jikoni nitalisogeza mwenyewe.