Arcade Fire: nianze na Funeral au Neon Bible?

Kitasa: Wakuu, habari za usiku. Bibi yangu aliyenilea amefariki mwezi uliopita. Natafuta muziki wa kukaa nao, siyo wa kunichangamsha, na nimeelekezwa kwa Arcade Fire, bendi ya roki ya Montreal. Bando langu linatosha albamu moja: Funeral ya 2004 au Neon Bible ya 2007?

Mama Zuhura: Pole sana, mwanangu. Chukua Funeral. Kipindi wanairekodi walikuwa wanazika kweli. Régine Chassagne, mwimbaji wa bendi, alifiwa na bibi yake, kama wewe. Ndugu wawili wa bendi hiyo, Win na Will Butler, wakafiwa na babu yao Alvino Rey, mpiga gitaa aliyevuma enzi zake. Ndipo jina la albamu, yaani Mazishi, likapatikana. Wimbo wa mwisho, In the Backseat, Régine anauanza kwa sauti ndogo, ya mtoto aliyekaa kiti cha nyuma cha gari. Fidla zinapanda, naye anaishia kwenye kilio kisicho na maneno. Mimi huzima taa kabla haujafika hapo.

Gitaa la Tatu: Kwa giza lenyewe, Neon Bible. Walinunua kanisa la zamani huko Farnham, Québec, wakaligeuza studio. Sikiliza My Body Is a Cage: kwanza sauti na ngoma tu, halafu kinanda cha kanisani kinavamia chumba kizima. Ukiisha, unabaki umekaa.

Mama Zuhura: Giza lile nalikubali, lakini ni la hofu: vita, televisheni, dini ya biashara. Aliyefiwa juzi hofu ya nini? Kwenye Funeral kuna Wake Up, bendi nzima inapaza sauti pamoja. Wanaomboleza kwa wingi, kama matanga.

Wa Bukavu: Naunga mkono Funeral. Wazazi wa Régine walikimbia Haiti ya dikteta Duvalier, na wimbo wa Haiti anauimba akichanganya Kifaransa na Kiingereza. Ngoma zake zinachezeka, maneno yake ni ya binamu wasiozaliwa na makaburi yasiyo na alama. Sisi tuliokulia Kivu hatuhitaji kutafsiriwa.

Kitasa: Nimepakua Funeral, nimefika wimbo wa saba, huo wa Wake Up. Khanga ya bibi bado iko mgongoni pa kiti chake. Leo ndiyo nimeweza kuikunja. Asanteni.