Kama hausalii popote, nani atakuzika?

mutu_wa_bagira: Jambo wandugu. Niko Bukavu huku Kongo, komini ya Bagira, nilibatizwa Mukatolika kama karibu avenyu yetu yote, lakini miaka mbili sasa siendi misa, na sikuhamia kanisa ingine, niliacha tu. Huku mtu hajakuuliza hata kazi yako anakuuliza unasalia wapi. Juzi kiongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, alipita na daftari ya zaka, akaweka kidole ku mustari wa jina langu, mweupe, majirani wote wana alama mpaka mwezi huu. Hakunitukana, alisema tu "mama yako amezeeka, siku ya kilio tutaonana." Sikulala. Na mtoto yuko primeri ya tatu, kila Jumatatu mwalimu anasimamisha wale hawakuenda misa. Nirudi sababu ya watu?

mama_essence: Mwanangu, lipa. Baba ya watoto wangu alipofariki shirika njo walileta bashi (turubai), viti, masufuria, wakaimba usiku kucha, padri akafika. Jirani mwenye deni ya zaka alizikwa bila misa, mpaka leo wanamusema. Ile daftari ni likelemba ya kilio, kuchangiana kwa zamu tu, usiingize Mungu mule.

kadutu_sheria: Mama samahani, likelemba mtu anaingia kwa kupenda. Na ya shule ni ingine kabisa, kanisa linasimamia kwa mapatano na serikali ya 1977 lakini mwalimu analipwa na serikali, na Katiba ya 2006 ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa dini, ya 45 inasema mafundisho ya dini kwa mtoto ni pale wazazi wameomba. Wewe uliomba? Ona direkta, lakini usiende na Katiba mkononi, atafikiri unatafuta kesi.

nguba82: Nasoma nacheka kidogo. Wewe ukirudi Jumapili watakupigia makofi. Mimi Muislamu, nilisoma kwa masista, Baba Yetu niliijua vizuri kuliko Fatiha na hakuna aliyeona ni kitu. Ila niseme kweli, hata kwetu kijana akipotea musikitini, siku ya posa wataulizia.

mutu_wa_bagira: Asanteni. Daftari nimelipa ya mama tu, kwa jina lake. Direkta alinisikiliza vizuri, akasema hawatasimamisha tena watoto. Kweli hawasimamishi, leo mwalimu aliomba wale walienda misa wainue mukono. Wangu naye aliinua.