Naomba ushauri: mwili hautulii hata nikiwa salama

Habarini wakubwa kwa wadogo. Naishi Mbeya mjini, kazi yangu ni ya mezani. Tangu kazini waanze kupunguza watu nimekuwa mtu wa kushtukashtuka. Nalala nimekaza meno, naamka mabega yanauma kama nimebeba gunia la viazi kutoka Uyole. Hospitali wamepima presha, sukari na moyo, vyote viko sawa. Wakasema ni wasiwasi.

Nimejaribu kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta. Mapigo yanashuka kweli, ila nikishika simu tu yanarudi. Bustani ndiyo inanisaidia zaidi: nikiwa peku kwenye tuta la mchicha, udongo bado una ubaridi wa umande, kichwa kinanyamaza chenyewe. (Au ni kwa sababu simu nimeiacha ndani, sijui.) Nikaona nipande Loleza. Mlima ule una zaidi ya mita 2,600, na mwinuko ulipokolea moyo ukaenda mbio, nikahisi hofu ileile, nikageuza.

Sasa naomba kuuliza. Waliopitia hali hii, mnatofautishaje moyo unaodunda kwa mlima na ule wa hofu, na mnafanya nini palepale njiani? Pili, mke wangu anasema tusubiri maua ya Hifadhi ya Kitulo, kuanzia Novemba hivi, maana kule ni tambarare zaidi. Mimi navutwa na msitu wa Ziwa Ngozi. Kwa anayeanza, kipi kinafaa?