Ushauri: nawafunzaje walimu wenzangu kuwazoesha watoto kuona maumbo kichwani?

TichaKisauni: Salaam wenzangu. Mwalimu mkuu kanitwika mafunzo ya alasiri moja kwa walimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3: jinsi ya kumzoesha mtoto kuligeuza umbo akilini, kulikunja, kuliwazia kutoka upande mwingine. Wengi wao washaamua ni kipaji, mtoto anacho au hana. Projekta imekufa. Nianzie wapi?

BintiMajengo: Hilo la kipaji livunje mapema. Mwaka 2013 mtafiti David Uttal na wenzake walipitia tafiti 217, wakaona uwezo huu hukua kwa mazoezi, mtoto hata mtu mzima. Lakini usihutubu, saa kumi watu wamechoka. Wape karatasi ya miraba, wachore miraba sita iliyoshikana ambayo ikikunjwa inatoa dadu. Namna ziko 11 tu, ukihesabu iliyogeuzwa au kupinduliwa kuwa ileile. Mkasi usiguswe kabla mtu hajasema itakunjika au la, na upande upi utatazamana na upi. Kazi iko hapo kwenye kukisia. Kukata ni burudani tu.

MzeeWaLikoni: Na maneno, mwalimu. Darasani tunasema "weka hapo", "geuza hivi". Wafunze kusema robo mzunguko, ukingo wa kulia, mkabala, sambamba, huku mkono ukionyesha. Mkipata nafasi nendeni Fort Jesus: wasimame nje, wachore ngome kama anavyoiona ndege, ndipo wafunuliwe ramani. Cairati, msanifu wake Mwitaliano, aliipanga kwa umbo la mtu, ila kwa chini pale huoni ila ukuta.

Hesabu_Changamwe: Ila usiwaahidi alama kupanda. Cheng na Mix, 2014, waliwazoesha watoto wa miaka 6 hadi 8 kugeuza maumbo kichwani kwa kipindi kimoja, wakaimarika kwenye hesabu kama 4 + __ = 11. Mwaka uliofuata Hawes na wenzake hawakuona hesabu ikinufaika. Mimi ningewaambia yote mawili.

TichaKisauni: Ahsanteni sana. Naanza na miraba. Sasa karatasi ngumu za manila za walimu wote hao nani analipa?

BintiMajengo: Manila za nini? Pita kwenye maduka uombe maboksi matupu, uyakate miraba. Nusu yao wataapa miraba sita ya mstari mmoja inakunjika dadu, kumbe haikunjiki. Waache waapie, kisha wape gundi.