Mishale inaenda kulia tangu niweke vichwa vizito, shida iko wapi?

Kijana_wa_Njoro
Wasee habari zenu. Niko Nakuru, nalenga shabaha nyuma ya nyumba ya mzee huku Njoro, gunia tatu za mitumba kuukuu nimeshindilia hapo ndio target. Kabla mtu aanze kuniuliza, siwindi Kenya, najua ilipigwa marufuku tangu 1977. Bro wangu mkubwa anakaa Texas ameniita mwisho wa mwaka tuende nguruwe mwitu, huko kwa shamba la mtu binafsi hawana msimu, sasa sitaki kufika niaibike.

Upinde ni rikavu, ule wa ncha zilizopinda mbele, umeandikwa paundi 45 za nguvu ya kuuvuta, navutia mkono wa kulia na mvuto wangu, yaani urefu navuta uzi, ni inchi 29 na nusu. Mishale ni ya karboni, namba 500, sijaikata, inchi 31. Na vichwa vya greni 125 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) ilikuwa inaingia poa, pengine kulia kidogo lakini sikujali. Bro akasema kwa nguruwe mshale lazima uwe mzito akanitumia vichwa vya 200. Tangu siku hiyo kila mshale kulia, karibu shubiri nzima nikiwa mita 18, na ukiutazama ukienda unatingisha mkia kama samaki. Nimebadilisha vidole, nimebadilisha kusimama, wapi. Jirani anasema ni mkono wangu tu. Ama nitafute upinde mwingine?

dala_mshale
Upinde hauna makosa bro, na mkono pia tuuache kwanza. Umelegeza mishale bila kujua.

Iko hivi. Hiyo 500 si uzito, ni ugumu. Wanalaza mshale juu ya vishikio viwili vilivyoachana inchi 28, katikati wananing'iniza uzito wa gramu 880, sasa ukipinda ukashuka nusu inchi ndio unaitwa 500. Wa 400 unashuka kidogo kuliko huo, kwa hivyo namba ikipungua mshale ni mgumu zaidi, watu wengi hapo ndio huchanganyikiwa. Lakini hiyo ni mshale umelala tu mezani. Ukiachilia uzi, mshale unasukumwa kutoka nyuma na kichwa huko mbele hakitaki kutoka, so lazima mshale ujipinde katikati, ukunjuke, ujipinde upande ule mwingine, na kwa hiyo ngoma ndio unapita kando ya upinde bila kuugonga. Kichwa kikiwa kizito kinakawia zaidi, mshale unapinda zaidi. Mshale mrefu pia hivyo hivyo, jaribu kupinda fimbo ndefu na fupi uone.

Sasa jumlisha. Umeongeza greni 75 mbele, mshale ni inchi 31 haujaguswa, halafu hiyo 45 imeandikwa ikipimwa kwa mvuto wa inchi 28, wewe unavuta moja na nusu zaidi, kila inchi inaongeza kama paundi 2 au 3, kwa hivyo mkononi uko na 48 au 49 hivi. Kwa mtu wa mkono wa kulia mshale mlegevu unaenda kulia, mgumu sana unaenda kushoto. Hiyo ndiyo hadithi yako yote.

Hakikisha hivi: chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili umetoa manyoya kabisa, piga yote mita 18. Manyoya yanaficha makosa, yanaunyoosha mshale njiani, ule uchi ndio unasema ukweli. Ukitua kulia mbali na wenzake basi ni mlegevu.

Ingo_wa_Kakamega
Mimi ningeongeza uzito zaidi. Kuna Mmarekani Ed Ashby alifanya majaribio miaka mingi na wanyama wa huku Afrika, alisema ukitaka kuvunja mfupa mzito mshale ufike greni 650. Nguruwe ana bega gumu sana.

dala_mshale
@Ingo hiyo 650 ni ya mfupa mzito, alikuwa anafikiria wanyama wakubwa. Huyu ana paundi 48 na rikavu, akifika 650 mshale utaanguka kama jiwe ukipita mita 20. Pinde za hivi wengi wanatumia greni 8 mpaka 10 kwa kila paundi, na yeye hata na zile 125 yuko karibu na 9. Wewe Njoro pima mshale mzima, usikisie. Kama huna mizani ya greni tumia ile ndogo ya kidijitali ya gramu halafu uzidishe kwa 15.43. Mimi napima kwa sonara mmoja hapa Kisumu, alizoea, siku hizi hata haulizi.

arap_Mau
Mnanikumbusha babu. Alikuwa anachonga mishale ya mti, hana namba hana nini. Anashika ncha mbili, anauweka kwa goti, anausukuma na kidole gumba huku anaangalia pembeni kama mtu anasikiliza redio. Ile migumu upande huu, milegevu anatupatia sisi watoto tukimbizane na panya. Nikamuuliza mbona hii mizuri pia unatupatia, akasema hii haiendi na upinde wangu, peleka kwa upinde wako. Nilidhani anatania, kumbe ni haya mnasema hapa.

Lakini Njoro kuwa makini ukibeba upinde barabarani. Watu wa Nakuru hawajasahau vita vya baada ya uchaguzi vya 2008, ukionekana na mishale mgongoni utaulizwa maswali na si ya michezo. Weka kwa mfuko.

Wanja_shabaha
Kuhusu kukata, tafadhali usipelekee fundi yeyote na msumeno wa chuma. Mimi nilipeleka minne, akakata kwa nguvu, karboni ikapasuka nyuzi nyuzi mwishoni, yote nikatupa. Ni grainda yenye jiwe jembamba, mshale unazungushwa polepole, na mask kwa pua juu hilo vumbi si mchezo. Na kila mshale ukianguka ama ukigonga mti, ukunje kidogo karibu na sikio kabla uurudishe kwa uzi. Ukisikia mlio wa kupasuka vunja kabisa, karboni ikivunjikia mkononi inaingia nyama kama miiba.

Halafu inchi 29 na nusu na vile vichwa vya kuwindia vyenye visu, mimi singeshuka chini ya 30 na nusu, kisu kisikuje karibu na kidole. Kwa hivyo una nusu inchi tu ya kukata na sidhani itatosha kubeba 200.

Kijana_wa_Njoro
Asanteni sana, nimerudi na majibu. Na vichwa vya 200 ule uchi ulitua kulia karibu hatua nzima, mmoja ulipita gunia ukaingia kwa mahindi ya mzee, hatujauona mpaka sasa na mzee anasema ng'ombe akidungwa nao mimi ndiye nitalipa. Nikarudisha 125, bado kulia lakini upana wa kiganja na nusu. Nimepima, gramu 27, hiyo ni kama greni 417.

dala_mshale
Poa. Sasa pale mshale unapoegemea ubavu wa upinde kuna kipande cha ngozi, sivyo? Weka kijiti cha kiberiti kimoja chini yake, kisimame wima. Unasukuma mshale nje kidogo, utarudi kushoto. Usikate chochote bado.

Kijana_wa_Njoro
Wueh. Kijiti kimoja tu na ule uchi uko vidole vinne kutoka kwa wenzake. Jirani nimemwita aje aone. Nimemwambia bro aniwekee nusu dazeni ya mishale ya 400 huko huko Texas, hivi vichwa vya 200 vitangoja mpaka nifike, nitaijaribu na vile vichwa vya visu kabla twende porini maana anasema visu mbele vinashika upepo kama mabawa na kosa dogo linakuwa kubwa.

Wanja_shabaha
Anasema kweli huyo. Na mshale wa mzee utafute kabla wavune.