Naomba ushauri: tembe za kupunguza uchungu wa kumbukumbu, nimpe mamangu?

Bintimvita: Habari zenu humu. Nnaomba ushauri wa moyo safi, nyumbani sina wa kumuuliza. Ndugu yangu mdogo alikufa maji ufuoni Shelly, Idd ya mwaka juzi, mamangu aliona kwa macho yake na tangu hapo kila usiku baada ya isha aanza upya, vile alivyotolewa, mchanga ulivyokuwa mdomoni, mpaka saa sita. Usingizi hana, chakula hagusi. Sasa nimesikia kuna tembe za presha zapunguza makali ya kumbukumbu mbaya, mtu hasahau lakini haimchomi tena. Ni sawa kumpa mtu? Si dhambi?

Mzee wa Mtongwe: Pole sana mwanangu. Mimi 29 Aprili 1994 nilikuwa upande wa mjini nangoja feri ya Mtongwe, haikufika, ilipinduka. Walikufa zaidi ya watu 250, jirani yangu tuliyekuwa twaenda kazini pamoja akiwa mmoja wao. Watoto wangu wote nimewafundisha kuogelea kwa sababu ya asubuhi ile. Ningemeza tembe nikaiona kama habari ya redio tu, nani angewafundisha?

Ummu_S: Dada msomee Qur'ani, mkumbushe subira. Moyo hutulizwa kwa dhikri.

Tabibu77: Ummu, yeye kauliza kuhusu dawa. Ni propranololi. Mwaka 2002 watafiti kina Roger Pitman, Boston, walichapisha majaribio ya kuwapa watu waliotoka tu kwenye ajali na mikasa, ndani ya saa 6. Kwa jambo la zamani kuna majaribio aliyofanya Alain Brunet kule Montreal, humo mgonjwa ameza, angoja zaidi ya saa moja, halafu aandika lile tukio na kulisoma kwa sauti, mara moja kwa wiki, kama wiki 6. Wasema kumbukumbu ikifunguliwa huwa laini kwa muda kabla ya kujifunga tena, na dawa yaipunguzia ile hofu hapo katikati. Yaani mwenye msiba mwenyewe ndiye afanyaye kazi, kwa hiari yake. Na baraza la maadili la rais wa Marekani lilishaonya 2003 kwamba ukimpunguzia mtu uchungu waweza kumpotezea na ukweli wa lililompata. Sasa nijibu, mamako amekubali? Ana pumu?

Chongowe: Nami nipeni, niweke kwenye chai ya mwenye nyumba asahau kodi ya miezi miwili 😂

Ummu_S: Msiba wa mtu waufanyia mzaha? Haya.

Tabibu77: Dada, sijajibiwa.

Bintimvita: Hajui. Tembe nnazo tayari, binamu yangu afanya duka la dawa Kongowea kanipa kumi, nilikuwa nataka kuzisaga kwenye uji wake wa jioni kwa sababu nikimwambia atakataa, yeye asema ile ndiyo picha ya mwisho ya mwanawe na hataki mtu aiguse, lakini nyinyi hamumsikii kila usiku jamani, mtoto akikataa dawa ya malaria si wamtilia sukari? Pumu anayo lakini si kali, inhela atumia kusi ikivuma tu.

Tabibu77: USIMPE. Hiyo dawa yabana njia za pumzi, na ile inhela yaweza kushindwa kuzifungua. Mwenye pumu hapewi. Na hata angekuwa mzima, mamako si mtoto wa kutiliwa sukari.

MwanaLikoni: Huu uzi wa kutunga. Mwanzo ndugu, halafu binamu mwenye tembe, halafu pumu yatoka mwisho kama hadithi za redioni. Shelly sikukuu imejaa watu, mama mzima aona mwanawe azama na hapigi kelele? Wewe ulikuwa wapi?

Bintimvita: Majini. Mama alikuwa juu kwenye mivinje na sufuria ya pilau, alichoona ni kutolewa. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Mpira ulichukuliwa na maji nikamwambia aufuate, nikamwambia we muoga kama hutaki. Mama hajui hilo. Kila usiku akifika pale pa kusema "sijui alifuata nini kule mbali" mimi huinuka naenda jikoni. Basi. Ukitaka kuita uongo ita.

MwanaLikoni: Nisamehe dada.

Tabibu77: Hizo tembe zirudishe kesho. Na anayetakiwa kuonana na daktari kwanza ni wewe, nenda hospitali ya Port Reitz au popote pana mshauri.

Bintimvita: Nitazirudisha. Lakini isha yaadhiniwa saa hii, ataanza, mimi nikae wapi?

Mzee wa Mtongwe: Kaa hapo hapo karibu naye mwanangu, usiinuke. Huo mpira ulikuwa wa nani?

Bintimvita: Wake. Nilimnunulia mimi, Mwembe Tayari, siku ya kuamkia Idd.