Mnaofundisha watu "ng'oa kioo, funga, piga picha" kwenye kamera za infraredi, acheni kuharibia watu vifaa

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha, leo naweka uzi.

Mimi ni fundi kamera. Naletewa kamera zilizochokonolewa na watu waliofuata video fupi zenye maelekezo yale yale: fungua skrubu za nyuma, toa kile kioo chenye rangi ya samawati kilicho mbele ya sensa (chipu inayopokea picha), rudishia ganda, basi una kamera ya infraredi, yaani inayopiga picha kwa nuru isiyoonekana kwa macho. Nusu nzima ya kazi haikutajwa. Hiyo nusu ndiyo inayoua kamera, na kuna sehemu yake inayoweza kumuua mtu.

Naanza na hiyo. Kamera ndogo yenye flashi ina kapasita ndani, kifaa kinachohifadhi umeme, yaani kile kipipa cheusi kilicho jirani na taa ya flashi. Huchajiwa hadi volti 300 hivi. Ukitoa betri chaji haiondoki, inabaki humo muda mrefu, na miguu ya kapasita mara nyingi iko wazi pale pale unapopitisha kidole ukitafuta skrubu ya mwisho. Kuna video moja jamaa anafungua ganda kwa mikono mitupu, kidole gumba kinapita karibu kabisa na miguu ile, na hatamki lolote. Chini yake kijana kauliza kwa nini amepigwa shoti wakati betri alishaitoa. Jibu alilopewa ni kicheko! Mtu kapigwa na volti 300, wewe unacheka?

Kinachotakiwa kusemwa kabla ya skrubu ya kwanza ni hiki: toa chaji kupitia rezista ya ohm elfu moja au mbili, yenye uwezo wa wati kadhaa, waya zake ziwe na ganda zima, kisha pima kwa multimita mpaka isome karibu na sifuri. Wanaoelekeza kugusisha bisibisi kwenye miguu yote miwili nao wakae kimya. Cheche ile inaweza kuchoma bodi, na mkono wako uko hapo hapo.

Sasa kioo chenyewe. Kipo kwa sababu sensa ya silikoni huona mpaka kwenye nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la nuru) 1,000 na zaidi kidogo, wakati jicho letu linaishia kwenye 700 hivi. Bila hicho kioo rangi za picha za kawaida zingevurugika. Kukitoa ni sawa, ndiyo kazi yenyewe. Lakini kioo kina unene, na unene huo umehesabiwa kwenye njia ya nuru. Kioo cha kawaida husogeza fokasi (mahali picha inapokuwa kali) nyuma kwa takriban theluthi moja ya unene wake. Ukitoa cha milimita 2 usiweke kitu, fokasi inasogea mbele kama milimita 0.7, ambayo kwa kamera ni nyingi mno. Matokeo yake ua lililo karibu na lenzi linatoka vizuri, mlima ulioko mbali umekuwa uji. Mwenye kamera anakuja analalamika kwamba lenzi imekufa, kumbe lenzi ni nzima kabisa, kilichokosekana ni kipande cha kioo.

Kwa hiyo ukitoa kioo, weka kingine chenye unene unaolingana: filta ya infraredi, au kioo safi kinachopitisha kila kitu halafu filta ufunge mbele ya lenzi. Na kwenye DSLR (kamera kubwa zenye kioo cha kuakisi ndani) ujue kwamba fokasi ya otomatiki husomwa na sensa nyingine kabisa, kwa hiyo hata kioo kikikaa sawasawa bado itabidi irekebishwe. Ukichagua kufunga filta nyeusi mbele ya lenzi, tundu la kutazamia linakuwa giza. Haya yote hayasemwi, maana yakisemwa video haitaitwa "rahisi sana".

Wauza vioo nao wamo. Mtu anauziwa kipande kimeandikwa "infraredi" basi. Unene hakuna. Nanomita hakuna. Filta ya 590 inaacha rangi nyingi za kuchezea, ya 720 inabakisha kidogo, ya 850 inakupa nyeusi na nyeupe tu. Hizo ni picha tofauti kabisa! Unamuuziaje mtu bila kumwambia anachonunua?

Skrubu nazo. Kamera nyingi za Kijapani zinatumia skrubu za JIS, yaani za kiwango cha Kijapani. Kwa macho zinafanana na za nyota, ila bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri, inateleza na kula kichwa. Na chini ya skrubu za sensa mara nyingi kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyoifanya ikae sambamba na lenzi. Kila kimoja kirudi kwenye kona yake. Nimeshika kamera ambayo vipande hivyo vilikuwa vimewekwa pamoja kwenye kifuko cha plastiki, vimechanganyika, na picha zake upande wa kushoto ni kali, wa kulia zimefifia.

Halafu huu uongo wa "kamera yako itaona joto la mwili". Acheni! Joto la mwili wa binadamu liko kwenye nanomita 10,000 hivi. Silikoni haifiki huko, na kioo cha lenzi hakipitishi nuru hiyo. Majani kuwa meupe kwenye picha za infraredi hakuhusiani na joto. Ni muundo wa seli ndani ya jani unaorudisha infraredi ya jua. Mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alichapisha picha za namna hiyo mwaka 1910, hakuna siri yoyote hapo.

Wenye hizo video nawaomba kitu kimoja kinachowezekana leo leo: andikeni onyo la kapasita juu kabisa ya maelezo yenu, na mtaje unene wa kioo mlichotoa na mlichoweka. Kama hamkuweka kitu, semeni hivyo wazi.

Na wewe ambaye umeshang'oa na picha hazikazi, usiitupe kamera. Pima unene wa kioo ulichotoa kwa kalipa (kifaa cha kupimia vitu vyembamba), kisha weka hapa chini modeli ya kamera, unene uliopata na picha ya sensa ilivyo sasa. Nitajibu kila mmoja.